Gadi ipinde, injini ibaki

Pikipiki kubwa hapa Mwanza haiangukii pale unapodhani itaangukia. Watu wanawaza mwendo kasi, wanawaza lori limehama upande kule barabara ya Musoma, ila ukiwauliza wenye haya madude mara ya mwisho walilala wapi wanaanza kucheka kwanza. Mmoja alikuwa anageuza uani kwa wakwe zake. Mwingine alipaki pembeni anunue maji, stendi ikazama kwenye udongo taratibu huku anaiona kabisa. Mwingine alisimama katikati ya mlima Nyakabungo, mguu wa kulia ukatafuta ardhi ukakuta iko chini kuliko alivyofikiri, basi, kilo mia mbili na ushee zikamshinda. Hamna hata mmoja aliyekuwa anakimbia.

Na hapa kwetu ukilala unalalia jiwe. Hii Jiji la Miamba siyo jina la mabango tu, ukiacha lami ukaanza kupanda Isamilo au Mabatini kule juu njia yenyewe ni mwamba umechongoka, kuna sehemu unapita juu ya jiwe moja kubwa lenye mfereji wa maji ya mvua katikati. Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya gadi ya injini, yale mabomba ya kukinga injini pikipiki ikilala, kaiona mtandaoni akaniuliza "braza hii iko poa?" mi huwa siangalii bomba linang'aa kiasi gani. Naangalia imefungwa wapi.

Maana nguvu ya kuanguka lazima iende mahali. Haiishii kwenye bomba. Inapita kwenye bomba inafika kwenye bolti, bolti inaipeleka kwenye fremu au inaipeleka kwenye injini yenyewe, na hapo ndo penye kesi. Gadi inaweza kuwa nene kama nguzo, isipate hata mkwaruzo, halafu sikio la injini pale bolti ilipoingia likawa limepasuka. Sasa umekinga nini hapo? Fremu ya chuma unaweza kunyoosha na kuchomelea, injini ni alumini ya kumimina, hiyo haina habari ya kupinda, ikizidiwa inapasuka kama chungu.

Nianze na injini yenyewe kwanza, ili tuelewane tunakinga kitu gani.

Mi natembelea Tenere 700, injini ya silinda mbili cc 689, ikiwa na mafuta na kila kitu inacheza kwenye kilo 204 au 205. Jina limetoka jangwa la Niger huko, Yamaha wameanza kulitumia mwaka 1983 kwenye XT600Z, mchanga mtupu, na nadhani kama wangeijaribia Bugando pale juu wangeijenga tofauti kidogo. Kushoto kuna kava ya magneto, ile inayozalisha umeme, kulia kuna kava ya klachi, na hizo ndo zimechomoza kuliko kitu kingine chochote pembeni ya injini. Pikipiki nyingi ziko hivyo hivyo. Nyuma ya hizo kava kuna oili. Mbele, nyuma tu ya tairi la mbele, kuna mabomba ya ekzosi na filta ya oili imekaa hapo hapo wazi wazi, kila jiwe linalorushwa na tairi linaelekea huko. Chini kuna sampu, yaani bakuli la oili, na nati ya kumwagia oili. Nyuma kidogo ya sampu kuna linkeji ya shokapu, vile vyuma vinavyoiunganisha shokapu na mkono wa tairi la nyuma, imening'inia chini kuliko watu wengi wanavyojua, mpaka siku ikikaa juu ya jiwe ndo wanaiona.

Ukipasua plastiki ya pembeni ya tenki unafika Sengerema na uchungu wako. Ukipasua kava ya magneto hufiki hata Usagara. Huo ndo mpangilio wangu wa nini kianze na nini kifuate, na ndo sababu nashangaa mtu ananunua gadi za juu, zile kubwa zinazozunguka tenki, kabla hajagusa pleti ya chini, lile bamba linalokinga tumbo la injini. Zile za juu zinakinga hela, sikatai, plastiki za Tenere siyo bei ya mchezo, ila injini hazina habari nayo.

Kuna kitu kimoja kidogo watu hawakiwazi kabisa nacho ni pedeli ya gia. Jamaa yangu alilalia ubavu wa kushoto kwenye changarawe baada ya kushuka kivuko cha Kamanga, kaanguko ka kawaida tu, akainuka, akapangusa suruali, akainua pikipiki, akaona kitu cheusi kinachuruzika. Kuchungulia, pedeli ya gia imepinda kwenda ndani, ncha yake imeingia kwenye kava ya magneto ikaacha tundu dogo la kuingiza kalamu. Jiwe halikuigusa kava hata kidogo, pedeli ndo ilifanya kazi ya jiwe. Bahati yake alikuwa na gundi ya chuma ile ya mirija miwili kwenye begi, wakalaza pikipiki upande wa pili ili oili isiendelee kushuka, wakasafisha kwa petroli mpaka alumini ikawa nyeupe, wakasugua na msasa, wakapaka, wakakaa chini ya mwembe kusubiri ishike huku mtoto mmoja ametumwa kwa bodaboda kutafuta oili. Ikashika. Ila bila ile gundi ilikuwa ni kupakiza kwenye kirikuu.

Upande wa kulia ni hivyo hivyo, pedeli ya breki inasukumwa kwenye kava ya klachi. Kwa hiyo kabla hujawaza mabomba, tafuta pedeli ambazo ncha yake inakunja ikigongwa. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na vingine vyote nitakavyovitaja, na gadi yoyote utakayofunga hakikisha imechomoza kuliko hizo pedeli.

Sasa pleti ya chini. Ile inayokuja na Tenere ni ya alumini, nyembamba na fupi, kwa vumbi na kokoto inatosha, kwa mwamba haitoshi. Nzuri inaanzia mbele juu kidogo kufunika filta na sehemu ya ekzosi, inapita chini yote, na nyuma inafika kwenye linkeji au angalau inaishia na mkunjo ambao jiwe litateleza badala ya kunasa. Pembeni iwe imepanda kidogo, kwa sababu jiwe la hapa linakuja kwa ubavu mara nyingi kuliko kwa chini.

Chuma au alumini? Karatasi ya chuma ya mm 3 ukubwa wa mita moja kwa moja inakaribia kilo 24, ya alumini ya mm 4 ukubwa huo huo ni kama kilo 11. Pleti haichukui mita nzima, lakini unaona tofauti inavyokwenda. Mi nilichukua alumini. Na hapa Mwanza tuna bahati ambayo watu wa Dodoma hawana, kuna mafundi wanaotengeneza vyombo vya majini, wamezoea kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni, hao ukiwapelekea kipimo ulichokata kwenye karatasi ngumu ya boksi wanakuelewa haraka. Waulize tu ni alumini ya aina gani. Ile ya boti, ya namba za elfu tano, inakubali kukunjwa. Ile ngumu ya 6061 iliyokwisha kukazwa kiwandani ukiikunja kona kali inapata ufa kwenye mkunjo, na pale ulipoichomelea inalainika.

Pia zipo pleti za plastiki nene, Wafaransa wa AXP wanazitengeneza za mm 8, zinateleza vizuri juu ya jiwe na hazipigi kelele. Kelele ni kitu cha kweli, msidharau. Pleti ya chuma chini ya injini inakurudishia kila sauti, siku ya kwanza utadhani injini imeharibika. Raba kwenye sehemu za kufungia zinasaidia.

Kitu kikubwa kwenye pleti ni nafasi. Isilale imeshikana na sampu. Iache sentimita moja na nusu, mbili, kati yake na injini, maana kazi ya pleti ni kubonyea, na ikibonyea iwe na pa kubonyea. Niliwahi kuona pleti nene kweli kweli imegusana na nati ya oili, yaani jiwe likipiga pleti ni kama limepiga nati. Halafu vichwa vya bolti za chini vizamishwe au viwekewe pete ya chuma pembeni, la sivyo mwamba unavisaga vinakuwa duara, siku ya kumwaga oili unakuta spana haishiki kitu. Na tundu la kumwagia oili liwepo, usiwe unafungua pleti nzima kila ukibadilisha.

Ila hiyo nafasi ina adhabu yake. Ukienda mbuga za Magu na Kwimba huko wakati wa mvua, ule udongo mweusi unajaa kati ya pleti na injini unakauka unakuwa tofali, joto la injini linakosa pa kutokea. Na kiangazi ni nyasi. Ukikatiza mashamba ya mpunga yaliyovunwa nyasi kavu zinajikusanya mbele pale karibu na ekzosi, ukisimama usikie kaharufu ka moshi usidhani ni mtu anachoma mkaa, chungulia chini. Matundu ya kupumulia kwenye pleti yawe makubwa kiasi cha kuingiza kidole ukatoa uchafu, siyo yale madogo ya urembo.

Haya, mabomba sasa, ndo penye mjadala.

Gadi za chini, zile zinazozunguka injini kushoto na kulia, za kiwandani ziko nyingi. SW-Motech, Hepco & Becker na Touratech ni Wajerumani, Givi ni Waitaliano, Outback Motortek wako Canada. Wote wanatengeneza kulingana na pikipiki yako, inakuja na bolti zake na karatasi ya maelekezo. Tatizo letu ni mzigo, ni kitu kizito na kina umbo baya la kufunga, kwa hiyo nauli inaweza kukutisha kuliko gadi yenyewe, halafu ushuru, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Kama una mtu anakuja na kontena sawa.

Ukiangalia picha ya hizo za kiwandani tazama vitu hivi. Kila upande umeshikwa sehemu ngapi, nataka angalau tatu na ziwe zimeachana, zikiwa mbili tu bomba linazunguka kama mlango. Kushoto na kulia vimeunganishwa mbele au chini? Vikiunganishwa, ukilalia kushoto nguvu inagawanywa mpaka fremu ya kulia, visipounganishwa bolti moja inabeba kila kitu peke yake. Na zile sehemu za kufungia, ni kwenye fremu au kwenye bolti inayoshika injini? Mara nyingi huwezi kuikwepa bolti ya injini, hata za kiwandani nzuri zinaitumia, lakini isiwe ndo pekee. Tenere ina mabomba mawili ya fremu yanayopita chini ya injini, kwa hiyo kuna pa kushika. Rafiki yetu mwenye R1200GS hana hiyo raha, chini ya ile BMW hamna fremu, injini ndo yenyewe, na silinda zake zimetoka nje huku na huku kama mabega, kwa hiyo yeye kitu cha kwanza kilikuwa kufunika vile vichwa vya silinda kabla ya kuwaza kitu kingine.

Mi za kwangu nimechomeshea Nyakato, sababu ni moja tu, chuma cha kawaida kikipinda popote ukanda wa ziwa, iwe Nansio iwe Geita, kuna mtu ana mashine ya kuchomelea. Fundi wangu ni mtu wa mageti na matela, mikono mizuri, ila mawazo ya geti.

"Kaka, hii tuipige bomba la inchi moja, zito, hata fuso lipite juu haipindi."

Nikamwambia fundi, hapo ndo sipataki, nataka ipinde.

"Ipinde tena?"

"Ipinde yenyewe, masikio ya injini yabaki."

Akanitazama, akatazama injini, akapiga kisigino chini mara mbili akifikiria. "Sasa ungesema tangu mwanzo. Basi tunashuka robo tatu."

Na robo tatu ndo yenyewe. Kwa wasiojua, bomba la maji la robo tatu halina mm 19 kwa nje, kwa nje lina karibu 27, ile robo tatu ni habari ya ndani. Hiyo mm 27 ni saizi ile ile unayoikuta kwenye gadi nyingi za kiwandani, ambazo zinacheza kati ya 22 na 28. La nusu inchi kwa nje ni 21 na kitu, kwa pikipiki ndogo linatosha. La inchi moja kwa nje ni karibu 34, hilo ni la geti kweli. Unene wa ukuta mm 2 mpaka 2.6. Yale ya kutengenezea viti na meza, ya mm 1.2, yanaonekana sawa kwa macho lakini yanabonyea kwa kaanguko ka kwanza. Tafuta jeusi. Kama limepatikana la mabati, lile lenye rangi ya fedha, lazima zinki isagwe na grenda pale pote pa kuchomelea, moshi wake unamuumiza fundi, jioni anatetemeka kama ana malaria.

Kukunja walitumia njia ya zamani, wakajaza mchanga mkavu ndani ya bomba, wakaziba huku na huku, wakapasha moto wakakunja kwenye vaisi. Mchanga unazuia bomba lisibonyee kwenye kona. Mwenye benda ya kisasa ni vizuri zaidi. Vipimo tulichukua kwa waya mnene, unaukunja kufuata umbo la injini ukiacha vidole viwili kati ya waya na kava, kila mahali, vidole viwili. Hapo ndo nilisimama kidete, kwa sababu fundi yeyote anapenda kitu kikae karibu kionekane kimebana, kinapendeza, ila bomba likipinda sentimita moja nalo linakuwa limefika kwenye kava.

Jambo la kuchomelea juu ya pikipiki ni hili: usikubali wachomelee ikiwa imefungwa na betri iko hai. Pikipiki hizi zina kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita njia isiyo yake umeua kitu cha mamilioni ili upate gadi ya laki. Sisi tulichomoa betri, tukachomoa soketi ya kontroli boksi, waya wa athi ukashikwa kwenye bomba lenyewe karibu na pa kuchomea, tukaweka nukta nukta tu za kushikilia, halafu tukaitoa tukaenda kumalizia mezani. Na utoboe katundu kadogo sehemu ya chini ya kila bomba lililozibwa, maji yakiingia yatoke. Ziwa letu ni maji matamu, hatuna ile chumvi ya Dar, ila kutu ya ndani haichagui.

Rangi paka ya kawaida ya kopo. Ile ya kuoka inapendeza mpaka siku ya kwanza ya kulala, baada ya hapo inabanduka vipande vipande na huwezi kuipaka upya uani.

Bolti sasa. Ukiweka gadi juu ya bolti ya injini unahitaji bolti ndefu zaidi ya ile ya mwanzo, na hapa watu wanaenda dukani wananunua yoyote inayoingia. Angalia kichwa. Ina namba? 8.8 ndo ya kuanzia, 10.9 kama ya kiwandani ilikuwa hiyo. Isiyo na namba iache ikafunge meza. Fungua bolti moja, weka gadi na bolti mpya, ndo uende kwenye nyingine, usifungue zote kwa mpigo injini ikashuka ukaanza kutafuta jeki. Zote ziingie kwa mkono kwanza, legelege, mpaka zote ziwe zimeingia, ndo unakaza moja moja. Kama inabidi uvute gadi kwa nguvu ili tundu lifikie, gadi haijakaa sawa, irudishe kwa fundi, maana ukiikaza hivyo hivyo injini itakuwa inavutwa saa zote hata ukiwa umelala nyumbani. Kaza kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na ukishatembea kidogo kwenye rasta na matuta rudi ukague tena.

Baada ya kufunga, kuna kitu nilifanya nikakipenda. Tulikuwa watatu, tukatandika tairi kuukuu na magunia, tukailaza pikipiki taratibu upande wa kushoto, halafu kulia, tukapiga magoti kuchungulia nini kimegusa chini kwanza. Kushoto ikagusa gadi na ncha ya usukani, safi. Kulia ikagusa futresti na pedeli ya breki ikawa imekaribia mno. Fundi akaongeza kona upande ule kama upana wa kidole gumba. Kipimo hicho kinakupa jibu ambalo picha ya mtandaoni haikupi.

Lakini usiongeze upana bila sababu. Gadi pana inanasa kwenye makorongo, na kwenye mchanga wa ufukweni kama kule Kayenze unapotembea umeshusha miguu inakugonga muundi mpaka unaona nyota. Kwa upande mwingine ukilala, ule upana unaacha uwazi ambao mguu wako unapita bila kubanwa na injini. Kila mtu atafute kipimo chake hapo, mi nimeacha itokeze kidogo tu kuliko pedeli.

Kava za pili, zile za kufunga juu ya kava za klachi na magneto, ndo kitu pekee ninachosema nunua usitengeneze. Waingereza wa GB Racing wanatengeneza za nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, zinafungwa na bolti ndefu kidogo kwenye matundu yale yale ya kava. Ni nyepesi, mtu anakuletea kwenye begi la nguo. Gadi inazuia jiwe kubwa, hizi zinashughulika na lile dogo lililopenya katikati ya mabomba, na pedeli ikija inakutana nazo kwanza.

Kwa wenye pikipiki ndogo, zile DT 125 za mabwana shamba au XL, msidhani haya hayawahusu, kanuni ni hizo hizo, tena nyie mna raha, uzito mdogo, pleti ya chuma ya mm 2 na bomba la nusu inchi mmemaliza. Bampa la bodaboda la kwenye Boxer ni hadithi nyingine, lile limegeuka sehemu ya kupumzishia miguu na kubebea viroba, kinga imekuwa kazi ya ziada.

Na tusidanganyane, hakuna gadi ya kugongana na gari. Haya mabomba ni ya maanguko ya kijinga, ya mwendo wa mtu anayetembea mpaka ule wa baiskeli. Ukiteleza lami ya Usagara kwa mwendo wa themanini yanaweza kusaidia na yanaweza kunasa ukingoni yakaipindua pikipiki. Wewe unakingwa na helmeti, buti na koti.

Mkilala, zima injini kwanza kabla ya kupiga picha. Inua, pitisha kidole chini ya kava zote mbili, nusa. Kagua kila bolti ya gadi kama imehama au rangi imepasuka kuizunguka, na pale masikio ya injini yanapokutana na bolti tazama kwa tochi, ufa unaanza mwembamba kama unywele. Kama gadi imepinda lakini haijagusa kitu, endelea na safari, ukinyoosha nyoosha nyumbani. Na uifungue kabisa kwanza ndo uinyooshe mezani, maana fundi akiipiga nyundo au akiivuta kwa bomba refu ikiwa bado kwenye pikipiki, ile nguvu yote uliyoikwepa kwenye jiwe anairudisha kwenye sikio la injini, hata kama anakwambia kaka subiri dakika mbili tu.